Mvivu, Mzembe, Msitiri

Mimi kwa maneno sijambo. Katika karakana yetu nashona kola, na kola haitaki mtu wa kubahatisha, ndiyo maana hata nikizungumza sibahatishi. Wanaoniita Mdomo wakidhani sisikii, nawasikia, na jina lenyewe nalipenda.

Tuna desturi yetu. Mgeni akimaliza majaribio tunazima mashine, na kila fundi anasema neno moja juu yake. Lililokwisha kusemwa halirudiwi. Ukileta la kufanana nalo, fundi mkuu, yule mama mwenye karakana, atakuuliza yanatofautianaje, na umeona nini kwa macho yako hata ukalichagua hilo. Ukikosa cha kueleza, neno linaanguka. Na neno baya moja likisimama, mgeni anafungasha.

Mgeni wa safari hii alikuwa binti wa mdogo wangu. Alikuwa ameacha kufua nguo za watu ili aje kwetu, na habari ya kurudi kule hakutaka hata kuisikia. Nilimtakia kazi ile kwa moyo wote, sifichi, ila nilijua nikimpamba bure wataniambia nambeba.

Mkataji akaanza. "Mtulivu," alisema, akaeleza jinsi binti alivyopokea vitambaa siku za msongamano bila papara.

"Mpole," akafuata mshona vifungo.

"Si yale yale?" fundi mkuu akauliza.

"Hapana, mama. Mimi ni mtulivu, lakini waulize wanangu kama ni mpole."

Tulicheka. Akasimulia jinsi binti alivyomsikiliza mteja mkorofi hadi mteja mwenyewe akapoa. Maneno yote mawili yakasimama.

Ikafika zamu ya mpiga pasi, tunayemwita Mvuke. "Mvivu," akasema. "Juzi alishinda na mkono mmoja wa nguo tangu asubuhi hadi tunafunga. Nimeona mwenyewe."

Binti akainamisha kichwa. Mimi nikamgeukia mpiga pasi.

"Mvuke, ulimkuta amekaa bure?"

"Hapana, alikuwa anashona."

"Basi si mvivu. Mvivu anaikimbia kazi."

"Haya, mzembe."

"Mzembe anaifanya bila kujali. Kuna mteja aliyerudisha kazi yake?"

"Hakuna."

"Umeona."

"Basi goigoi," akasema, hataki kushindwa.

"Goigoi hana nguvu. Lile jora lililokushinda wewe, nani alilibeba?"

Karakana nzima ikaangua kicheko, Mvuke naye akiwemo. Fundi mkuu hakucheka. "Maneno yake umeyaangusha," akaniambia. "Ila mkono mmoja kutwa nzima bado haujaniingia akilini. Neno lako wewe?"

"Msitiri."

"Ndiyo kusema msiri?"

"Hapana, mama. Msiri anatunza siri aliyopewa. Msitiri anafunika aibu ya mwenzake, halafu hadai shukrani."

"Umeona nini?"

Nilikuwa nimeona kila kitu. Asubuhi ile binti alikuta koti limetundikwa likitazama ukuta, mkono wake una alama ya pasi, kahawia, pana kama kiganja. Hakumwita mtu. Aliufumua, akaunganisha vipande vilivyobaki vya kitambaa kile, akakata mkono mpya na kuushona taratibu usionekane. Ule ulioungua aliutia mkobani mwake. Nikiyasema hayo neno langu linasimama, na Mvuke anaumbuka mbele ya wote, jambo ambalo binti alitoa siku yake nzima lisitokee.

"Nimeona, lakini sisemi," nikajibu. "Nikisema nitakuwa nafumua alichoshona."

"Desturi unaijua. Neno bila ushahidi linaanguka, na lile la Mvuke, mvivu, nitalirudisha, maana yeye walau ameeleza alichoona."

"Najua. Langu silibadilishi."

Nilimtazama Mvuke. Binti angeweza kujiokoa kwa sentensi moja. Akawa anazungusha tu pete ya kushonea kidoleni.

Mvuke alimtazama binti, akanitazama mimi, kisha akaitazama pasi yake. "Ule mkono," akamwuliza binti, "ulikuwa wa koti gani?"

Binti akaukumbatia mkoba wake.

Mvuke akakaa chini. "Mama, koti lile niliunguza mimi. Nikaligeuzia ukutani, nikaondoka. Mteja alipolichukua bila neno, nikajidanganya kwamba alama ilikuwa ndogo. Kumbe ni huyu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Fundi mkuu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"La koti tutazungumza mimi na wewe," akasema. "La Mdomo limepata shahidi. Lako limeanguka. Leta jingine, na lisiwe la kurudia."

Mvuke alifikiri. Mazuri yote aliyoyajua yalikuwa yameshasemwa. Mwishowe akainua uso.

"Mwenzetu," akasema.

Tukamgeukia fundi mkuu, tukisubiri aulize linatofautianaje na mengine. Hakuuliza. Alikwenda kwenye mashine ya dirishani iliyokuwa haina mtu, akaondoa kitambaa kilichoifunika, akamvutia binti kiti.