Kibanda cha Dina Darini

Oktoba ya mwaka 2009 Dina alitaka kitu kidogo tu: kula mlo mmoja wa jioni ndani ya kibanda cha makuti. Marehemu baba yake, Myahudi wa Nairobi asiyeshika dini sana, kila Sikukuu ya Vibanda ilipofika alifunga shuka kwenye miti ya uani, akatupia matawi juu, wakala mayai na mkate. Sala hakusali. Alichosisitiza ni kimoja: nyota zionekane kupitia majani.

Sasa Dina alikuwa Ibra, mji wa Omani, akifundisha Kiingereza chuoni, na amepanga vyumba vya juu kwa Bi Mahfudha, mjane aliyerudi Omani kutoka Tabora. Alimwomba makuti ya mtende, akasema anataka kupunga upepo darini. Ukweli akaumeza.

"Hayo tu, mwanangu?" Bi Mahfudha akampigia simu nduguye, Ghanim.

Jumatatu Dina aliporudi kutoka chuoni, kibanda kilikuwa tayari, kimefunikwa turubali la buluu lililokazwa kamba pande zote. Akalifungua. Jumanne akakuta mabati.

"Turubali lilipeperushwa na upepo," Ghanim alieleza kwa fahari. "Haya nimeyapigilia misumari. Hata tone la mvua halipiti."

"Mvua gani, Bwana Ghanim? Hapa Ibra?"

"Na jua je?"

Dina akashuka jikoni, akasugua sufuria safi mpaka mkono ukamuuma. Amkasirikie nani? Neno moja lingetosha, na hakuwa na ujasiri wa kulitamka. Sikukuu yenyewe ilikuwa inakwisha Ijumaa.

Jumatano kulikuwa na zulia, feni na taa ya umeme. Bi Mahfudha, na magoti yake mabovu, alikuwa amepanda ngazi zote ili amwonyeshe.

"Mnaniharibia!" Dina alipiga kelele.

Ghanim akaweka bisibisi chini.

"Tumekuharibia nini, maalim?" Bi Mahfudha aliuliza. Maalim, si mwanangu.

Dina akasema yote kwa mkupuo: Uyahudi, baba, nyota.

Bi Mahfudha akakaa zuliani, akijisugua goti. "Miaka miwili unakula kwangu. Ulidhani nitakufukuza?"

"Sikujua, Bibi."

"Hukuuliza." Hakutabasamu. "Ghanim, ng'oa."

"Dada, misumari yote hii!"

"Ng'oa, nimesema."

Aling'oa huku akinung'unika kwa Kiarabu, na makuti mawili yakavunjika. Baada ya magharibi Dina alikula peke yake. Bi Mahfudha alikataa kupanda tena, akasingizia magoti. Joto lilikuwa bado kali, na chungu wakaingia kwenye mkate. Nyota aliziona, sita au saba hivi. Alizitazama, hajui kama kinachomkalisha pale ni kumkumbuka baba au ni aibu.

Asubuhi aliteremka. "Shikamoo, Bi Mahfudha."

"Marahaba." Mwenye nyumba hakugeuka, aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Leo napika wali wa nazi. Wa kuupandisha huko juu mtafute mwenyewe. Mimi sipandi."