Ukoo wa Shemeji Fergus

Kwao Machame, binti haolewi kabla ukoo wa mume haujaulizwa. Huulizwa kama kuna ugonjwa wa kurithi, kama kuna kesi ya shamba isiyokwisha, na zaidi ya yote kama damu haijarudi ilikotoka, yaani ndugu wa ukoo mmoja hawajaoana. Kazi hiyo hupewa mtu mzima mwenye maneno machache. London walikuwa na Leonard.

Leonard alikuwa na shahada ya historia, hana ajira, na aliamini kwamba watu wakielezwa jambo vizuri huelewana. Dada yake Vaileth, mfamasia, alikuwa amechumbiwa na Fergus MacEldrin, Mskoti anayefundisha fizikia Wembley. Baba yao alipiga simu kutoka Moshi akasema shauri lote liko kwa kaka yake, baba mkubwa Aikaeli wa Thornton Heath, huko huko London. Baba mkubwa akasema hana magoti ya kuizunguka Scotland. Leonard atafute kwenye kompyuta.

Leonard alianza kwa kumuuliza mwenyewe, na Fergus nusura amkumbatie. Tangu ahamie London hakuna aliyewahi kumuuliza ukoo wake. Akamweleza habari za chifu, za ngome isiyo na paa, na za kitambaa cha drafti, kijani na cheusi chenye mstari mwembamba wa njano, kinachovaliwa na kina MacEldrin peke yao. Leonard akayapeleka yote Thornton Heath.

"Kumbe Wazungu nao wana koo," alisema baba mkubwa. "Miaka thelathini nipo hapa, hakuna aliyenitajia. Mlete Jumamosi."

Jumamosi Fergus alikuja amevaa ile sketi ya wanaume wa kwao. Mama mkubwa Marcelina alimtazama magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Keti. Jifunike na khanga hii, kuna baridi."

Wakala ndizi na nyama. Leonard alitafsiri kila neno, ingawa wazee wote wawili walikuwa wamefanya kazi hospitalini miaka na miaka na Kiingereza walikijua. Tafsiri ilikuwa heshima tu. Ndiyo maana Fergus alipofika kwenye habari za mama yake, hapakuwa na pa kujificha.

"Jina la kwao mama ni Lorrick," alisema kwa furaha, "na kina Lorrick ni wa ukoo huo huo. Mimi ni MacEldrin pande zote mbili."

Leonard alitafsiri mpaka katikati, akanyamaza. Baba mkubwa akaweka kijiko chini.

"Baba yake na mama yake ni ukoo mmoja."

"Inaelekea, baba mkubwa."

"Na wakaoana."

"Kanisani."

"Na hakuna aliyesimama kuzuia." Akafuta mdomo. "Kijana ni mzuri, simlaumu. Hakujizaa. Lakini nitampigia mdogo wangu nimwambie nini? Kwamba nimempata mkwe aliyezaliwa na ndugu wawili? Hapana. Jambo hili liishie hapa."

Vaileth aliinuka akaenda jikoni. Leonard akamfuata, akamkuta anaosha sahani safi.

"Leonard," alisema bila kugeuka, "koo hizi umezileta wewe. Ziondoe."

Leonard alijua namna ya kuziondoa. Alikuwa amesoma tangu wiki ya kwanza kwamba watu wengi wa koo za Scotland hawakuwa na damu ya chifu. Walikuwa wapangaji kwenye ardhi yake, wakachukua jina lake wapate ulinzi. Hakumwambia Fergus, kwa sababu Fergus alikuwa anang'aa. Sasa alimwita kwenye korido, akamwambia hilo, na kwa nini baba mkubwa amekataa.

"Babu yangu alisema tunatoka kwa chifu mwenyewe," alisema Fergus.

"Babu wa kila mtu alisema hivyo, shemeji."

"Na wewe unaonaje?"

Leonard alitamani sana kusema uongo. "Naona hapana."

Fergus aliutazama mlango wa jikoni. Maji yalikuwa bado yanatiririka juu ya ile sahani. Akapandisha khanga kiunoni, akarudi sebuleni, akasimama mbele ya wazee.

"Wazee, nimesema kwa kujisifu. Damu ya chifu sina. Watu wetu walikuwa wapangaji. Walichunga ng'ombe wake, wakachukua jina lake wasiibiwe."

"Na kina Lorrick?" aliuliza baba mkubwa.

Fergus alifikiri. "Labda ndio waliokuwa wanaiba."

Baba mkubwa naye akafikiri. Wezi wa ng'ombe na wachungaji wao ni watu tofauti kabisa. Hilo lilikuwa afadhali.

"Sasa kama si ndugu, mbona mnavaa kitambaa kimoja?"

Leonard akavuta pumzi aanze historia. Mama mkubwa akamkatiza.

"Si sare? Harusi ya Godson tulivaa zambarau watu mia mbili. Nusu yao siwajui mpaka leo, na wengine nisingependa kuwajua. Undugu uko wapi hapo?"

"Sare ni nini?" Fergus alimuuliza Vaileth, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono yenye maji.

"Kitambaa ambacho waalikwa wote wanashonea nguo, ijulikane mmekuja kwa shughuli ya nani."

Fergus aliitazama sketi yake kwa muda, na ule mstari wa njano.

"Ndiyo," alisema. "Ni sare."

Alilisema polepole, na Leonard, aliyempenda, akatazama pembeni.

Mama mkubwa aliinama akapima upindo kwa vidole. "Kimefumwa vizuri. Kinauzwa kwa mita?"

Baba mkubwa alikuwa ameshapiga simu Moshi.

"Mdogo wangu, mkwe tumempata," alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wanaopiga mbali. "Hana ukoo wa maana, lakini ni msafi."

Fergus akauliza kimesemwa nini. Vaileth alimshika mkono, akamtafsiria nusu.