Leonida Afuta Nyongeza

Mtaalamu wa tija alipofika soko la nafaka la Busia, jambo la kwanza alilofanya ni kuomba kiti. Aliletewa ndoo iliyopinduliwa, akaipangusa kwa kitambaa cheupe, akaketi nyuma ya meza ya Leonida, akawasha kishikwambi chake na kuanza kumtazama mama wa watu akiuza maharagwe. Alikaa hivyo siku tatu. Hakununua hata punje.

Jina lake Methuselah Okwakol, mtoto wa kijiji cha Angurai. Mama yake mzazi alimsomesha kwa kuuza njugu sokoni, lakini ukimsikia akizungumza ungedhani alizaliwa ndani ya semina. Alikuwa ametumwa na mradi mmoja wenye jina refu na magari mawili. Mradi huo ulikuwa umegundua, baada ya utafiti wa mwaka mzima, kwamba wafanyabiashara wadogo wa mpakani hawana pesa. Sasa ulitaka kujua kwa nini, na tangu mwanzo ulikuwa na hakika kwamba kosa ni lao.

Mradi haukuja mikono mitupu. Mama yeyote atakayepandisha tija yake kwa asilimia kumi ndani ya miezi mitatu angepewa stoo: chumba cha mawe, paa la bati, mlango wa chuma na kufuli, hapo hapo kando ya soko. Leonida aliposikia neno stoo aliacha kupepeta. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amenunua maharagwe kutoka Uganda wakati wa mavuno, yakiwa bei ya kutupa, na kuyauza mwezi uo huo kwa bei ya kutupa, kwa sababu hakuwa na pa kuyaweka. Wenye stoo waliyanunua kwake, wakayafungia, wakamrudishia yeye mwenyewe mwezi wa nne kwa bei maradufu. Alikuwa akiyapokea na kusema asante. Siku zote alijua kwamba kati yake na matajiri wale hakukuwa na tofauti ya akili, ilikuwa tofauti ya mlango wa chuma.

Kwa hiyo stoo aliitaka. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine tangu alipomzika mumewe, na hakuona haya kulisema.

Siku ya tatu Methuselah alisimama, akajinyoosha, akatoa mzani mdogo kutoka kwenye mkoba.

"Mama, niko na swali moja," alisema. "Ukishajaza gorogoro, unaongeza ile kidogo ya juu. Halafu ukishamwaga kwa mfuko wa mteja, unachota tena kwa mkono, unaongeza. Hiyo ni ya nini?"

"Hiyo ni nyongeza," Leonida alisema.

"Nimeona. Lakini ni ya nini?"

Leonida alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anawasalimu majirani. Nyongeza ni nyongeza. Gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, haijawahi kuuzwa bapa tangu soko liwe soko. Unaijaza mpaka inavimba juu, unamwaga, kisha unachota gao moja, na kama mteja ana mtoto mgongoni unachota jingine, na mteja anasema bado, nawe unasema utanifilisi, mnacheka, analipa. Hakuna aliyewahi kukaa chini kuuliza ni ya nini.

Methuselah alipima. Kilima cha juu na gao la mkono vilikuwa gramu mia moja na sitini. Akazidisha kwa gorogoro arobaini za siku, akazidisha kwa siku za mwezi, akamgeuzia Leonida kioo cha kishikwambi aone mwenyewe.

"Gunia mbili, mama. Kila mwezi unapeana gunia mbili bure. Hii ndiyo inaitwa upotevu. Na bado sijahesabu dakika za kupiga story."

Hapa ndipo Leonida alipokosea, na tusimwonee huruma mapema. Angekuwa mjinga angemcheka yule kijana akaendelea na kazi. Lakini Leonida alikuwa na kichwa cha hesabu. Darasani aliwashinda wavulana, na shule aliiacha kwa sababu ya karo tu. Maisha yake yote alikuwa akingoja mtu aliyesoma aje amwambie kwamba ana akili. Methuselah alimwambia. Alimwambia mara tatu, mbele ya watu, kwamba mama kama yeye alipaswa kuwa meneja wa benki. Alivishwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa akakikaza vizuri.

Jumatatu iliyofuata alikuja sokoni na rula. Alijaza gorogoro, akapitisha rula juu yake, punje zilizozidi zikarudi guniani. Benchi ambalo wateja walikalia wakipumzika aliliondoa, maana kulingana na Methuselah benchi linapunguza mwendo wa mauzo. Akabandika karatasi: HAKUNA NYONGEZA.

Jirani yake wa meza, Rosebella, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi Uganda, aliisoma karatasi ile kwa sauti, akaisoma tena.

"Sasa Leo, hata mimi nikija kununua?"

"Hata wewe. Biashara ni biashara."

"Sawa," Rosebella alisema, akalivuta lile benchi na kuliweka upande wake.

Mteja mkubwa wa Leonida alikuwa Sharlyne, mwenye hoteli ya mabati karibu na pale malori yanapoegeshwa, ambako madereva hula chapati na maharagwe wakingoja karatasi zao zipigwe mihuri. Sharlyne alichukua gorogoro kumi kila baada ya siku moja, mwaka wa tisa sasa. Mwaka uliopita, maharagwe ya Leonida yalipoingiwa na wadudu, ni Sharlyne aliyeyabeba gunia zima, akayaosha, akayachagua usiku na wasichana wake, akalipa bei kamili. Alisema tu kwamba amekula nyongeza ya Leonida miaka mingi, hawezi kumwacha aoze pamoja na mali yake. Leonida alishukuru sana wakati ule. Kisha, kama tufanyavyo wote, akasahau ni nini hasa alichokuwa akishukuru.

Sharlyne alifungua mfuko. Rula ikapita mara kumi. Maharagwe yakaingia. Sharlyne akaendelea kuushika mfuko wazi.

"Na yangu?"

"Yako gani?"

"Ile ya juu, mama."

Leonida alimwonyesha karatasi ukutani. Alimweleza habari ya magunia mawili, upotevu na tija, na akaeleza vizuri, maana alikuwa ameelewa somo. Sharlyne alisikiliza mpaka mwisho. Hakununa wala hakubishana. Alifunga mfuko, akahesabu noti, akasema, "Haya mama, kazi njema." Leonida alimwona ameelewa, na akajisifu moyoni.

Mwezi wa kwanza faida ilipanda. Tuseme ukweli hata kama unakera: ilipanda kweli, na Methuselah aliileta ile grafu ikiwa imechapishwa kwa rangi, mstari wa kijani ukipanda kuelekea juu kona ya kulia. Faida kwa kila gorogoro, asilimia nane juu. Muda kwa kila mteja, nusu ya ule wa zamani. Kishikwambi kilifurahi. Wakubwa wa mradi walikuja na gari lao, wakampiga Leonida picha akiwa ameinua rula.

Mwezi wa pili meza ilianza kuwa kimya. Leonida aliona, ila alikuwa amefundishwa kwamba kelele si biashara. Sharlyne alichukua gorogoro sita badala ya kumi, halafu tatu, halafu akawa anapita upande wa pili akimsalimu kwa heshima. Aliposhtuka, Leonida aliambiwa na mtaalamu wake kwamba soko lina misimu. Kufikia wakati huo asilimia ilikuwa imefika kumi na moja, kwa sababu wachache waliobaki walihudumiwa haraka ajabu. Mtu akiwa peke yake kwenye foleni hachelewi.

Mvua ya Julai, mwezi wa tatu wa mradi, ndiyo iliyomaliza maneno. Leonida na Rosebella walikuwa wamechanga nauli ya pikapu moja kuleta maharagwe kutoka ng'ambo, magunia manne manne. Mvua iliwakuta kwenye foleni ya mpaka. Turubai lilikuwa na tundu kubwa, na dereva akaapa kwamba tundu lile hakulijua. Magunia yote manane yalifika yakidondosha maji. Maharagwe yaliyolowa yana siku tatu, nne ukibahatika. Baada ya hapo yanachipua na hata nguruwe wanayakataa.

Rosebella hakufanya la ajabu. Aliketi kwenye lile benchi, akamwambia kila aliyepita kwamba mali yake imelowa, na kwamba anaomba kuokolewa. Hakuficha na hakushusha bei sana. Mama mmoja akachukua gorogoro nne, akisema atayaanika juu ya bati. Mwalimu akachukua mbili. Alasiri Sharlyne akaja na wasichana wake wawili na mkokoteni, akabeba magunia mawili, akilalamika njia nzima kwamba Rosebella atamuua kwa kazi. Siku ya pili jioni Rosebella hakubaki na punje.

Leonida alikuwa mita mbili kutoka hapo. Alibandua ile karatasi. Alishusha bei kwa robo, kisha kwa nusu. Watu walisimama, wakaingiza mkono guniani, wakasikia unyevu, wakasema pole sana mama, na walimaanisha. Kisha wakaenda. Hakuna aliyemchukia, na hilo ndilo lililomkata maini. Walimtendea vile mtu anavyotendewa na mnunuzi yeyote anayeona mali mbovu, na kwa mnunuzi hakuna kosa lolote katika hilo. Siku ya nne magunia yalianza kutoa harufu. Siku ya tano alilipa mkokoteni uyapeleke jalalani.

Wiki iyo hiyo Methuselah alikuja kufunga tathmini. Leonida alimweleza yote: wateja waliopotea, magunia manne, jalala. Kijana alisikitika kwa adabu na kuandika kitu.

"Hiyo ya mvua nimeweka kwa mambo ya hali ya hewa, mama. Haitakuharibia. Uko na asilimia kumi na moja. Stoo ni yako."

"Na wale hawaji tena? Umewaandika wapi?"

Methuselah alipandisha na kushusha kidole kwenye kioo, juu na chini, juu na chini. Alitafuta kwa uaminifu kabisa. Tumpe haki yake.

"Mama, hapa kuna mahali pa mteja aliyekuja," alisema hatimaye. "Yule hakukuja hana mahali."

Ufunguo ulikabidhiwa kwa hotuba. Mkubwa mmoja wa mradi alisema kwamba ufunguo ule haufungui mlango wa stoo tu, unafungua mlango wa kesho, na watu walipiga makofi kwa sababu soda zilikuwa zinafuata. Leonida aliufungua mlango wa chuma alioungoja miaka ishirini na miwili. Ndani kulikuwa na sakafu safi ya saruji na harufu ya rangi. Hakuwa na gunia hata moja la kuweka, wala hela ya kununua la kwanza. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amempangisha Rosebella. Mradi ukaandika kwenye ripoti yake kwamba mnufaika amepanua biashara na kuingia sekta ya uhifadhi.

Kodi ya Rosebella ya miezi miwili ilitosha gunia moja. Leonida alilinunua zuri, kavu, maharagwe ya aina ya nambale yanayong'aa, akaliweka kwenye mkokoteni na kwenda nalo moja kwa moja hotelini kwa Sharlyne. Hakuwa amewahi kumpelekea mteja mali mlangoni. Alikuwa tayari kusema samahani, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

Sharlyne alimkaribisha vizuri, akampa kiti na chai. Akaingiza mkono guniani, akatafuna punje moja.

"Ni nzuri. Nipimie kumi."

Leonida alijaza gorogoro. Alijaza mpaka ikavimba, mpaka punje zikamwagika chini, akamwaga mfukoni. Kisha akachota kwa mikono miwili, gao kubwa ambalo hakuwa amewahi kumpa mtu, akalipeleka kwenye mfuko.

Sharlyne aliufunga mdomo wa mfuko kwa kiganja, taratibu, bila ubaya.

"Hapana mama. Pima tu. Nitalipa chenye nimenunua."

"Hii ni yako, Sharlyne. Ni nyongeza yako."

"Najua, mama. Lakini hiyo nikikula, kesho maharagwe yako yakilowa itabidi nije kukuokoa. Na mimi nimeshajipanga na Rosebella." Alitabasamu kwa heshima, kama anavyotabasamia dereva asiyemjua. "Fanya bapa tu. Bapa ni sawa."

Leonida alirudisha maharagwe guniani. Alipitisha kiganja juu ya gorogoro, akaisawazisha vizuri, akampimia mara kumi, na Sharlyne akamlipa shilingi zote, hazikupungua wala kuzidi.