Picha Safi

Daktari alipotamka neno "safi," kaka yake Rula hakungoja neno la pili. Aliinuka, akampiga mdogo wake begani kwa furaha, akatoka nje na simu sikioni kumpasha mama habari. Mlango ukajifunga, na nusu ya pili ya maelezo, ile yenye miiba, ikabaki ya mtu mmoja.

"Picha ya ubongo ni safi kwa maana kwamba hakuna doa jipya," daktari aliendelea. "Zile seli za kinga zilizokuwa zikitoka kwenye damu na kuvamia ubongo wako, dawa imezifungia mlango. Lakini umeniambia mguu unazidi."

"Unazidi. Mwaka jana nilikuwa nauburuza jioni tu. Sasa naamka nao hivyo hivyo."

"Nakuamini. Ubongo una walinzi wake wa ndani, wanaishi humo humo. Tunawaita mikroglia. Kazi yao ni kuzoa taka na kusaidia kutengeneza palipoharibika. Kwenye ugonjwa wako baadhi yao hawatulii tena. Wanaendelea kuguguna lile ganda la mafuta linalofunika neva, taratibu, na neva zenyewe zinaumia. Kipimo hiki hakiwaoni vizuri, na dawa unayotumia haiwafikii ipasavyo."

"Kwa hiyo mwizi wa nje kafungiwa mlango, sasa anayekula ni mlinzi."

Daktari hakucheka. "Usibebe vitu vizito," alisema. "Mguu ukikuambia umechoka, uamini mguu. Usiamini picha."

Haya, yachukue maneno hayo uyapeleke nyumbani, uone kama yatapata pa kukaa. Walipofika, mama alikuwa ameshalia, ameshashukuru, ameshawaambia majirani wa kushoto na wa kulia. Jina la ugonjwa, maltipo sklerosisi, lilimshinda kulitamka tangu siku ya kwanza, akauita "huo wako" na kuuogopa kuliko kifo. Rula alipoanza habari za walinzi wa ndani, kaka yake alimkata.

"Mimi si nilikuwepo? Kasema safi, kwa masikio yangu haya!"

Alikuwepo, ndiyo, mpaka alipoondoka. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. La kaka yake lilisikia dawa tu, mengine yote likayaacha mlangoni. Rula angeweza kubisha. Lakini alimwona mama anavyomtazama, uso umenyooka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akameza yaliyobaki.

Duka la vioo waliachiwa na baba yao. Yeye ndiye aliyempa bintiye jina la Rula, kwa sababu tangu akiwa mdogo alipitisha kalamu ya kukatia juu ya kioo bila kipimo chochote na mstari ukatoka umenyooka. Kaka alijua kupatana bei na kuchekesha wateja. Mkono ulikuwa wa Rula. Hata hivyo, wiki ile iliyotangulia, kaka alipandisha bango jipya juu ya mlango lenye jina lake peke yake. Rula alinuna mtaa mzima ukajua, na alikuwa na haki ya kununa.

Kesho yake kaka akamwachisha kazi kibarua aliyekuwa akimsaidia Rula kubeba vioo. "Mtu wa nini tena," alisema, "na wewe umeshapona?"

Asubuhi hiyo kulikuwa na kioo cha saluni, kirefu kumpita mtu mzima, cha kupandishwa ghorofa ya pili kwa ngazi nyembamba ya saruji. Rula alikipangusa, akakisimamisha ukutani, akamgeukia kaka yake.

"Kaka, mguu wa kulia haunisikilizi leo. Tumwite yule kibarua."

"Mguu wako una kinyongo, hauna ugonjwa. Ni lile bango tu."

"Bango ni bango, na mguu ni mguu. Daktari alinikataza kubeba, wewe ulikuwa umeshatoka."

"Rula, ubongo wako ni safi. Acha visingizio, mteja anangoja."

Neno hilo lilimchoma. Mtu anaweza kuitwa mgonjwa akavumilia. Kuitwa mvivu kwenye duka linalosimama kwa vidole vyako ni jambo jingine. Akavaa glavu. Haki isemwe: kaka alikwenda chini, upande wenye uzito, na kumwachia mdogo wake juu. Walipanda. Kwenye kona ya kwanza Rula, akipanda kinyumenyume, aliutuma mguu wa kulia utangulie kwenye kidato cha juu. Mguu haukwenda. Akaketi kwa kishindo kwenye ngazi na mikono ikafunguka yenyewe.

Kaka alijaribu kukizuia kioo. Hilo ndilo kosa lake jingine, maana kila fundi vioo anajua kwamba kioo kinachoanguka huachwa. Kilipasuka ukutani, kipande kikampitia kaka juu ya glavu, kikakata kano za mkono.

Hospitalini walimshona. Wakamwambia vidole viwili huenda visikunjike tena. Alilala na bandeji hadi kwenye kiwiko, na mama alipoingia hakungoja kuulizwa.

"Aliachia, mama. Alinilipizia lile bango. Ingekuwa ni ugonjwa, si ungeonekana kwenye picha?"

Hakuwa anasema uongo, maskini. Aliamini, na hilo ndilo lililomkata Rula kuliko kioo. Picha ile ile iliyomponya machoni mwa watu ndiyo iliyomtia hatiani.

Mama alimtoa Rula nje, akamkalisha kwenye benchi la ukumbini na kubaki amesimama mbele yake.

"Mwanangu, niambie ukweli. Uliachia? Au huo wako umerudi?"

Haukurudi, kwa kuwa haukuondoka. Humo kichwani, wakati mama anauliza, walinzi walikuwa kazini, wanaguguna bila hasira na bila haraka. Rula alikuwa na maneno yote ya daktari ulimini. Akamtazama mama, mwanamke aliyelala usingizi mzuri siku moja tu tangu ugonjwa uingie nyumbani, na siku hiyo ilikuwa jana. Alikuwa na hasira na kaka yake, lakini mama huyu hakuwa na kosa.

"Niliachia, mama," alisema.

Mama alifumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani ni ule ugonjwa. Ugomvi wa ndugu tutausuluhisha, hauui mtu. Haya, inuka ukamwombe kaka yako radhi."

Rula alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Akautuma mguu wa kulia, akangoja. Akautuma tena.

"Acha kiburi, mwanangu," mama alisema. "Inuka."