Tundu la Kifungo

Juu ya mlango wa karakana pameandikwa "Mshono wa Mababu Zetu". Mababu wa Bosi, si wangu. Mimi nilikuja hapa kwa ndege, na leo ndimi mtu pekee mjini anayejua kushona kwa mkono tundu la kifungo la koti lao la heshima. Alinifundisha mzee mmoja mwenyeji ambaye wanawe waliikataa kazi hiyo. Alipofariki, nilibaki na sindano yake na kiburi kidogo.

Kiburi hakikudumu. Nilimwomba Bosi paspoti yangu, ambayo huifungia kabatini chini ya mikasi, nirudi kwa binti yangu niliyemwachia dada akiwa na miaka minane.

"Pata kwanza wa kukurithi," alisema.

Nimefunza wenyeji watatu. Kila aliyeiva alipata viza ya nchi tajiri zaidi, akanikumbatia, akaenda zake. Nilicheka ili nisilie.

Na binti hatukuwa na la kuzungumza. Mtoto uliyemwacha na mapengo ya meno hukujibu "nzuri" na "sawa" mpaka vocha inaisha. Jumapili moja nikaegemeza simu kwenye kikombe, nikamwonyesha tundu la kifungo. Paka uzi nta, vuta, usikaze sana. Hapo ndipo tukaanza kuongea, hata kutaniana. Mwaka wa pili wa mafunzo hayo akanitumia picha ya mshono wake, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Furaha ilinizidi, nikamwonyesha Bosi. Ulimi uliponza kichwa.

Wiki tatu baadaye Bosi aliniwekea paspoti mezani.

"Sasa nenda nyumbani," akasema. "Nilimpigia binti yako, amekubali kuja. Kibali cha kazi ni kimoja tu. Ukitoka wewe, anaingia yeye."

Simu ikalia palepale.

"Mama, nimepata kazi," binti yangu akasema, akilia kwa furaha. "Sasa na wewe utapumzika."

Nikamwambia nitampigia. Niliifungua paspoti. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa na mashavu, na alikuwa ameambiwa ni miaka miwili tu. Miaka kumi na mmoja imepita. Nikaisukuma irudi upande wa Bosi.

"Siendi," nikasema.

Hakuuliza kwa nini. Aliirudisha chini ya mikasi, akafunga kabati.

Jumapili niliegemeza simu kwenye kikombe kama kawaida. Binti alipokea, lakini hakuwa na sindano mkononi.

"Umeninyima, mama."

"Nimekukinga, mwanangu. Huku ukiingia hutoki."

"Ulipoondoka hukuniuliza," akasema taratibu. "Na sasa umeamua kubaki, hukuniuliza pia."

Akakata simu. Nikavuta koti lililofuata, lenye matundu kumi na mawili, nikaanza la kwanza.