Shoka Shambani kwa Kiberiti

Walimwita Kiberiti kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kuwaka. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walijua atafungasha arudi kwao. Hakufungasha. Alisimamisha nguzo ndefu za miti kwenye kishamba alichoachiwa, fundi akapanga juu yake paneli za sola, na chini ya kivuli chake akapanda mchicha na pilipili hoho. Pampu ilivuta maji kutwa. Ng'ambo ya mpaka, mahindi ya shemeji yake yalikuwa yamejikunja kama tumbaku.

"Hivyo vioo vyako vinafukuza mawingu," shemeji alimwambia.

"Mawingu yana macho gani hata yaogope vioo? Njoo nikuvutie bomba, shemeji."

"Nivutiwe bomba na wewe, kutoka kwenye ardhi ya kaka yangu!" Akatema mate, akaenda zake.

Alirudi na shoka, jua likiwa la utosi. Kiberiti alikuwa ameinama akipalilia aliposikia mlio wa chuma kwenye mti. Kabla hajainuka, nguzo ililia, paneli mbili zikaporomoka, na ncha ya kioo ikamchana bega hadi nyama nyeupe ikaonekana.

Akainuka. Alimwendea na jembe. Pigo la kwanza lilimpata shemeji mbavuni, shoka likamtoka. La pili likapiga jiwe, mpini ukachomoka ukabaki mkononi mwake. Shemeji alimtandika ngumi ya mdomo, meno mawili yakaenda. Kiberiti akamrukia, akamng'ata sikio, akang'ang'ania kama kupe hadi akaonja damu isiyo yake. Walibiringishana juu ya mchicha wakitukanana matusi yasiyosemeka mbele ya wakwe. Mwisho shemeji akamrusha kando kama gunia.

"Leo nakung'olea yote!" alifoka. Akazikamata nyaya zilizoning'inia, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, avute safu nzima ianguke. Vioo vilikuwa vimezichuna maganda.

Hakuvuta. Alikakamaa. Meno yaliumana, macho yakamtoka, na harufu ya nyama inayoungua ikapanda.

Kiberiti alisimama akimtazama.

"Kufa," alisema, na alimaanisha.

Fundi alishamwonya: maadamu jua linawaka, paneli zinatoa umeme tu, jua halizimwi. Hakuna mahali pa kukimbilia kuzima. Alimwona shemeji akianza kutoka povu, na hapo miguu yake ikaenda yenyewe. Aliuinua ule mpini mkavu, akamshushia kwenye kifundo cha mkono. Vidole havikuachia. Akampiga tena kwa nguvu zote. Mara ya tatu mfupa ulivunjika, mkono ukaning'inia, mtu mzima akaanguka chini puu.

"Muuaji!" Mama mkwe alikuwa anatokea kwenye mahindi, khanga imemvuka. "Umemzika mmoja, sasa unanimalizia wa pili!" Aliokota jiwe akampiga nalo kisogoni. Kiberiti akaanguka kifudifudi kwenye hoho. Bibi kizee akainua jiwe tena.

"Mama... acha." Sauti ya shemeji ilikuwa kama ya mtu aliyeko kisimani. "Umeme ulinishika. Huyo ndiye aliyeniachanisha nao."

Jiwe likaanguka.

Hospitali walimkata shemeji vidole viwili, na mfupa ukaunga kombo. Hakuomba radhi, ila hakuvuka tena ule mpaka, na kila anayemuuliza kuhusu mkono humjibu, "Kaulize kwa Kiberiti."

Mama mkwe ndiye aliyekuja kumsafisha Kiberiti bega na kisogo, asubuhi na jioni. Siku moja, akiwa amemgeuzia mgongo anakamua kitambaa, akasema:

"Nilikuona toka mbali, mwanangu. Ulisimama kwanza, ukimtazama."

"Ndiyo, Mama. Nilisimama."

Bibi kizee alikunja kitambaa, akasogea, akaendelea kumwosha.