Filimbi ya Tabibu

Usije ukasema mpira ulimchosha Winga. Kilichomchosha ni vumbi la mawe, na vumbi lina wenyewe.

Pale kiwandani, mawe yanaposagwa yakawa kokoto na unga, hakuna aliyemwita vinginevyo. Hata siku ya kumzika mkewe watu walimshika mkono wakasema, "Pole sana, Winga." Alikimbia pembeni kwa timu ya mashine, na kila Jumapili walicheza na timu ya ofisini, kwenye uwanja ulio nyuma ya maghala. Watu wa ofisini walikuja na soksi nyeupe wakaondoka na magoli. Ndiyo siku pekee mtu wa mashine alipomtoa jasho mtu wa ofisini asifukuzwe kazi.

Kisha pumzi ikaanza kumgomea. Tabibu wa zahanati ya kiwanda, ambaye Jumapili ndiye aliyekuwa refa, akampa vidonge. "Kikohozi cha kawaida, mzee. Kunywa maji mengi."

Maneno yaleyale alikuwa amempa mke wa Winga. Mama wa watu alikung'uta na kufua ovaroli za mumewe kila jioni, mpaka naye akaanza kukohoa, akakohoa, akaenda na kikohozi chake kaburini. Maji alikunywa. Kama maji yangekuwa dawa, leo angekuwa hai kuliko sisi sote.

Mwisho shemeji yake, mdogo wa marehemu na kipa wa timu, alimkokota mpaka hospitali kubwa. Daktari wa huko, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno, aliinua picha ya kifua kwenye mwanga.

"Mzee, hili ni vumbi la mawe. Limeganda mapafuni, halitoki. Kazi ya mashine basi. Mpira basi. Hata basi likikuacha kituoni, liache liende zake."

"Na mke wangu? Yeye hakuwahi kuajiriwa."

Daktari akashusha picha. "Sikumpima, mzee. Lakini vumbi haliulizi nani kaajiriwa."

Sasa, pale kiwandani anayeacha mpira hupiga mpira wa kwanza wa mechi, kisha hutoka kwa makofi, na Meneja humpa blanketi na kusema neno. Winga akamfuata Meneja ofisini mapema.

"Blanketi kaa nalo, bosi. Mimi nataka neno. Sema ni vumbi, wenzangu wasikie wakapimwe."

Meneja akatabasamu meno yote. "Tutaliweka vizuri, mzee wangu."

Winga akatoka moyo mweupe, maskini. Amefanya nao kazi miaka yote hiyo na bado akawaamini!

Jumapili akavaa jezi, akapiga mpira wa kwanza. Meneja akashika kipaza sauti. "Mzee wetu anapumzika kwa sababu ya umri, na kikohozi cha kawaida..."

Kikohozi cha kawaida. Winga hakusikia yaliyofuata. Aliufuata mpira pale ulipoishia, katikati ya uwanja, akaukalia.

"Shemeji!" kipa akaita kutoka golini. "Unaatamia?"

Watu wakaangua kicheko.

"Naatamia! Na siondoki mpaka neno langu lianguliwe!"

Tabibu akaja mbio, anapuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba. "Toka, mzee. Nitakupa kadi!"

"Nipe. Vidonge vyako nimevimeza, kadi itaniua? Puliza tu, ndugu yangu, wewe uliye na pumzi."

"Usinivunjie heshima mbele za watu."

"Heshima! Mke wangu anakufa, unamwambia anywe maji? Hebu lete hiyo."

Akainyakua filimbi. Akavuta hewa, kifua kikakwaruza kama bati linaloburutwa, akapuliza. Ikatoka *sss*, kama mtu anayepoza chai. Kicheko kikakatika.

Kipa akaja, glovu mikononi. "Hebu, shemeji." Akapuliza. Mlio ukafika nusu, ukageuka kikohozi. Akataka kufanya mzaha, mzaha ukakataa kuja. Akampa beki. Beki akampa mwenzake wa kinu kikubwa cha kusagia mawe. Kwa wageni wa kazi ililia. Kwa wakongwe ilikwama.

"Acheni upuuzi!" Meneja akafoka. "Tabibu, anzisha mechi!"

"Kwa filimbi ipi, bosi?" Tabibu akajibu kwa sauti ndogo.

Ikafika kwa karani mmoja wa ofisini, soksi zake nyeupe pe. Hakuwa kijana hata kidogo. Akapuliza, ikalia kali mpaka ndege wakaruka kwenye paa la ghala. Akaitazama filimbi kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi, akairudisha bila kuinua macho.

Meneja akaacha kipaza sauti juu ya blanketi, akaingia kwenye gari lake. Kipa ndiye aliyekiendea.

"Jamani, ni vumbi," akasema. "Limemla dada yangu, linamla shemeji, na sisi limeshaanza. Kesho asiwashe mtu mashine. Tunakwenda kupimwa, wote."

"Na wake zenu!" Winga akapaza sauti. "Na ovaroli zenu mfue wenyewe, hukuhuku kiwandani kwao, msizipeleke nyumbani!"

Hapo ndipo alipokubali kuinuliwa. Akaugusa mpira kwa kisigino, ukabingirika kuelekea mstari wa pembeni, pale alipokuwa akipaita kwake. Miguu ikataka kuufuata. Akaizuia.